Barua kwa Tima: zawadi ya Swaleh

Kibokoni, Mombasa
Jumapili usiku

Mwenzangu Tima,

Assalaam alaykum. Hujambo? Watoto je, na baba yao mgongo umemwacha? Sisi wazima, alhamdulillahi, ila kaskazi ya mwaka huu imetukaba, feni yenyewe yapuliza moto. Salamu zako mama amezipata na anasema salamu hazina sauti, upige simu. Haya, hayo yaishe, nina jambo na siku hazinisubiri.

Swaleh anatimiza miaka 18 Jumamosi ijayo. Ndiyo, yule yule aliyekutapikia gauni la Idi. Sasa ananipita kimo, na sauti imemkwama kooni kama ya babake. Tumechanga mimi, Batuli, Khamis na mama, tumefika shilingi elfu nne, na kibubu nimeshikishwa mimi. Kushika pesa za watu ni kushika na midomo yao pia, wallahi. Kila mmoja ana lake.

Khamis, babake, ataka mtoto anunuliwe viatu vya mpira. Mpira gani? Huyu mtoto uwanjani huenda kuuza vitumbua. Mama asema kanzu, maana kwa mama kila swali jibu lake ni kanzu. Batuli ndiye aliyekaribia, maana Swaleh moyo wake uko kwenye kuoka, lakini ameona kwenye simu ile mashine kubwa ya kukandia unga, yenye bakuli lake la chuma, na sasa haoni kingine. Nimemwambia elfu nne yetu haitoshi hata bakuli. Halafu hapa kwetu stima hukatika ukiwa katikati ya jambo lako, mashine ikakuangalia nawe ukaiangalia. (Mzee Athumani naye ametuma ujumbe kwamba bethdei si mambo yetu. Tumemwambia ni dua na chai tu. Keki akiiona atasema ni mkate.)

Lakini Tima, linaloniuma ni Khamis. Viatu vile si zawadi, ni maneno. Wiki jana mbele ya wageni alimwambia mtoto, "Mwanamume na keki wapi na wapi?" Swaleh akainama, akachukua sinia, akaingia ndani. Mimi sikuweza kunyamaza. Nikamuuliza, hiyo boflo unayochovya kwenye chai kila asubuhi huokwa na bibi harusi? Na mkate wa mofa wa Ramadhani, yule mzee aliyekuwa akiinamia tanuri mpaka nyusi zikaisha, alikuwa shangazi yako? Kote tulikokulia mkate wa dukani umeokwa na wanaume, na hakuna aliyewacheka. Akasema hiyo ilikuwa kazi, hii ni mchezo. Tazama jibu hilo! Kana kwamba kazi haianzi mahali.

Ungemwona anavyopiga mayai. Juzi nilikaa kwenye kibago jikoni kwa Batuli nikimtazama anatengeneza mkate wa mayai. Mayai manane, sukari robo, mchapo, mkono. Anapiga, anabadilisha mkono, anapiga. Manjano yakawa meupe, bakuli likajaa povu. Kisha akainua mchapo, yai likateremka utepe mmoja bila kukatika, akaandika nalo herufi S juu ya povu, akahesabu taratibu mpaka kumi. S ikabaki pale pale. Ndipo akachekecha unga juu yake, akaugeuza kwa kiganja polepole asiuvunje ule upepo, maana mkate huu hautiwi hamira wala beking pauda, unapanda kwa upepo wa mayai peke yake. Iliki aliitwanga wakati ule ule. Nani alimfundisha kuhesabu kumi? Si mama, mama hana subira hiyo.

Basi mkate ukaingia ovenini, na hapo ndipo nilipoijua zawadi.

Oveni ya Batuli unaijua, ile aliyoachiwa na mpangaji. Namba za kwenye kitasa zimefutika zote kwa kusuguliwa na sabuni ya unga. Swaleh ameweka vitone vya rangi ya kucha ya dadake: chekundu cha keki, cha waridi cha mkate wa sinia, na kingine cha zambarau ambacho kwa maneno yake ni "cha hatari". Akisoma mapishi ya Marekani anaambiwa nyuzi 350 za Farenhaiti, akisoma ya Uingereza anaambiwa 180 za Selsiasi, na ni karibu moto ule ule kwa hesabu mbili tofauti, lakini yeye ana kitone chekundu. Mkate ukapanda haraka, ukapasuka juu kabla katikati hakujaiva, na chini ukawa mweusi. Hakusema neno. Aliugeuza, akakwangua chini kwa kisu, akanipa kipande cha katikati. Kitamu, lakini macho yake yalikuwa kwenye oveni.

Anachohitaji ni kipimajoto cha oveni. Kile kidogo cha bati kinachotundikwa kwenye wavu humo ndani, hakina betri, hakina stima, kinakuambia moto ni nyuzi ngapi basi. Nimezunguka Barabara ya Digo mpaka Marikiti. Duka la kwanza wamenitolea cha nyama, msumari mrefu wenye saa kichwani. La pili kijana kanitolea cha homa, na akanihakikishia kinafaa. Nilicheka mpaka nikaketi.

Kwa hiyo ombi langu ndilo hili: huko Nairobi kwenye maduka ya vifaa vya keki nitafutie hicho kipimajoto, na mizani ya jikoni, ya kidijitali, inayosoma gramu moja moja. Mizani kwa sababu vikombe vinamtesa. Kikombe cha Wamarekani ni kama mililita 240. Kikombe cha mama ni kile cha maua kilichomeguka ukingo. Na unga ukiuchota kwa kuushindilia unapata mwingi kuliko ukiumimina, kikombe ni kile kile. Akipima kwa gramu ataacha kubahatisha.

Usije ukadanganyika na zile seti za vipande ishirini na kitu zenye aproni ya maandishi. Nusu ni vikato vya biskuti vya nyota na mwezi, na trei zake ni bati jepesi. Hewa yetu ya chumvi unaijua, kabla ya Ramadhani yote kutu. Pesa ikibaki, tutamtafutia trei nzito ya alumini hapa hapa. Ila usinunue trei huko kabla hatujajua upana wa oveni, nyingi hazitaingia.

Siagi ya kupambia nayo tuiache kwa sasa. Umesahau keki ya Rehema ilivyoteleza ndani ya tuktuk? Siagi huanza kulegea kabla ya nyuzi 35, na mchana wa huku tuko 32 kivulini. Hilo si la zawadi, hilo la kuomba mvua.

Na Khamis? Sijui. Labda akiona mtoto anapima, anaandika kwenye daftari, moto nyuzi hizi, dakika hizi... ataona kuna kazi. Labda hataona. Mimi sitamnunulia Swaleh viatu ili babake atulie, hilo nimeshamwambia Batuli, na Batuli amesema "we nunua, mimi nitanyamaza." Kwa Batuli kunyamaza ni vita.

Sasa nijibu. Unakuja na treni ya Alhamisi au Ijumaa? Nikupokee Miritini au utachukua matatu? Unaweza kumpigia Swaleh umuulize kwa ujanja upana wa oveni, useme wewe ndiye unayetaka kununua jiko? Asishtuke, ana masikio yule. Chuo cha Utalii kipo upande wenu, waweza kupita ukauliza kama wana kozi ya mikate na keki, na karo yake? Usimwambie mtu, hata mama. Na keki ya bethdei tunamwokea nani, jamani, au tumwache ajiokee mwenyewe? Unaionaje tukimwomba mke mwenzako wa utani, Mwanamkuu, atupikie mkate wa sinia badala yake? Na wewe mbona hukuniambia kwamba Zubeda amehama? Nimelisikia sokoni.

Pesa nakutumia kesho kwa simu. Ikipungua ongeza, tutahesabiana ukifika.

Wako,
Mwanaidi

N.B. Mizani iangalie betri zake kabla ya kutoka dukani. Wakikwambia zimo ndani, wafungue uone.