Naongezewa Muda Ilhali Ninachokosa ni Sauti

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa 4, na usikivu wangu umepungua katika masikio yote mawili, hasa kwa sauti nyembamba. Sauti za herufi kama "s", "f" na "th" hunipita hata nikiwa nimevaa vifaa vya kusikia, hivyo sehemu kubwa ya mazungumzo naikamilisha kwa kutazama midomo ya msemaji.

Nilipoomba marekebisho ya mtihani, niliongezewa muda katika karatasi za kuandika. Nashukuru, lakini kusoma maswali hakujawahi kunisumbua. Shida yangu iko katika mtihani wa vitendo, ambapo kengele ikilia tunahama kutoka kituo hadi kituo, na katika kila kimoja tunapewa dakika chache za kumhoji au kumpima mtu anayeigiza mgonjwa. Vituo vimetenganishwa kwa mapazia tu, sauti za majirani zinaingiliana, na mtahini aliyevaa barakoa anatoa maelekezo akiwa ameinamia fomu yake ya alama. Hapo hata nikiongezewa saa nzima, sentensi iliyonipita imekwisha kunipita.

Linaloeleweka vibaya kuliko yote ni suala la stetoskopu, kifaa cha daktari cha kusikilizia moyo. Wengi hudhani kwamba asiyesikia vizuri hawezi kusikiliza moyo, kumbe sauti za moyo kwa kawaida ni nzito, nyingi zikiwa chini ya hezi 500 (yaani mitetemo 500 kwa sekunde), na huko ndiko usikivu wangu ulikobaki. Kikwazo ni kwamba siwezi kuvaa stetoskopu ya kawaida bila kuvua vifaa vyangu, na nikivivua simsikii mgonjwa. Zipo stetoskopu za kielektroniki zinazokuza sauti, kuipeleka moja kwa moja kwenye vifaa vya kusikia na kuonyesha mawimbi yake kwenye skrini. Mwalimu mmoja anasema kuitumia ni kuwazidi wenzangu isivyo haki, kwa sababu mawimbi yanatoa jibu. Sikubaliani naye hata kidogo: mchoro hauandiki jina la ugonjwa, na kuamua kama mvumo, yaani sauti ya ziada ya moyo, unatoka kwenye valvu (mlango wa damu ndani ya moyo) iliyobana au inayovuja kunabaki kuwa kazi yangu.

Najua kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 24, unataka marekebisho stahiki hadi katika elimu ya juu. Hata hivyo, nasita kuanza kwa kutaja sheria mbele ya walimu ambao kesho ndio watakaonifundisha wodini.

Naomba ushauri wako. Barua ya mtaalamu wangu wa masikio inataja desibeli tu, yaani vipimo vya usikivu wangu. Je, nimwombe aandike nyingine inayoeleza mahitaji yangu kituo kwa kituo? Watahini wajulishwe mapema kwa maandishi, au nijieleze mwenyewe kila ninapoingia, ingawa maelezo hayo yatakula dakika zangu? Na ombi la stetoskopu nilipeleke kwanza kwa mkuu wa idara, au kwa ofisi iliyoniongezea muda?

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa Udaktari