Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2023/2024: tuta la bwawa letu, utoro (njia ya kumwagia maji yakizidi) na tope

Wanachama wenzangu, wazee wetu shikamoni, akina mama na vijana habari za siku. Mahesabu ya pesa atayasoma mhazini siku ya mkutano na vitabu vitakuwa mezani kila mtu aangalie mwenyewe, mimi nataka niongelee bwawa lenyewe mana mwaka huu limetupa maji mengi na limetutisha pia.

Mvua mnaijua. El Nino ya vuli 2023 ilipiga mpaka tukaingia mwaka mpya bado inanyesha, masika nayo ikaja na nguvu zake, na milima yetu ya Upare Kusini ikishanyeshewa kule juu maji hayana muda wa kukaa njiani, yanashuka makorongoni yakiwa mekundu na magogo ndani yake hata kama huku tambarare jua linawaka. Bwawa lilijaa mapema, utoro ukamwaga wiki na wiki.

Hapo ndo tatizo lilipoanzia. Kuna wenzetu waliona uchungu maji yanavyopita utoroni, wakabeba viroba vya mchanga usiku wakauziba mdomo wa utoro ili bwawa lishike zaidi. Asubuhi tumekuta viroba vimepangwa safu tatu, midomo imefungwa vizuri na katani, na maji yamepanda mpaka yamebakiza kama mkono mmoja, kiwiko hadi vidole, kufika juu ya tuta. Sitataja mtu hapa na kamati haikutaja mtu, viroba vilitolewa siku ileile na vijana ambao nawashukuru sana, ila lazima niseme wazi kwanini jambo hili halitakiwi kurudiwa kabisa.

Tuta letu ni la udongo. Tuta la zege maji yakipita juu yake linaweza kuvumilia, la udongo haliwezi. Maji yakishavuka kileleni yanashuka upande wa nyuma kwa kasi, yanaanza kuchimba mahali palipo palaini, kamchirizi kadogo kanapanuka kanakuwa korongo, na korongo likishafika kileleni bwawa lote linataka kutoka kwa pamoja, hakuna jembe wala katapila ya kulizuia. Wenzetu wa Solai kule Nakuru, Kenya, tarehe 9 Mei 2018 usiku bwawa la udongo la shambani liliwapasukia, wakafa watu zaidi ya 40. Walikuwa majumbani mwao. Sisi chini ya tuta tuna nyumba za watu na njia ya watoto wa shule, kwahiyo maji ya utoroni yaacheni yaende, wenzetu wa chini watayatumia na tuta litabaki limesimama.

Jambo la pili ni lile jasho la tuta. Mwezi wa nane kila kitu huku kimekauka lakini pale chini ya tuta karibu na bomba la kutolea maji nyasi zilikuwa kijani na ukikanyaga mguu unazama. Tuta la udongo kutoa unyevu kidogo ni kawaida, wala tusikimbie ovyo, kinachoangaliwa ni vitu viwili, maji yanaongezeka au la, na ni meupe au yana tope. Ndo maana tumechimba kamfereji kadogo pale tukaweka kibomba, mlinzi anakinga ndoo ya lita 20 na kuangalia saa kwenye simu, halafu anajaza chupa ya plastiki anaiinua juani aone ndani. Ndoo ikijaa kwa dakika moja hiyo ni lita 28,800 kwa siku. Mpaka naandika hapa chupa inatoka safi. Siku ikitoka na udongo maana yake maji yanabeba tuta kutoka ndani, na hapo hatusubiri kikao, tunafungua bomba kupunguza maji na tunawatoa watu wa chini mara moja. Bwawa la Teton kule Idaho, Marekani, lilijengwa na mainjinia wakubwa na lilikuwa na kimo cha zaidi ya mita 90, tarehe 5 Juni 1976 asubuhi waliona maji machafu yanatoka, wakapeleka matingatinga kuziba tundu, matingatinga yakamezwa, na kabla ya saa sita mchana tuta limeshakatika. Walikufa watu 11. Yaani ni masaa tu.

Kuna waliopendekeza tupige plasta ya saruji pale panapovuja. Hapana jamani. Ukiziba kwa nyuma maji yanakosa pa kutokea, yanajikusanya ndani ya tuta na kulilainisha, halafu yanatafuta njia nyingine ambayo hatuioni. Dawa ni chujio: mchanga safi kwanza, juu yake kokoto, juu yake mawe, maji yapite udongo ubaki.

Miti. Migunga iliyoota juu ya tuta ikatwe ikiwa bado midogo mana mizizi yake ikishaoza inaacha njia za maji ndani. Vichuguu vya mchwa navyo vichimbwe mpaka mwisho wake, vijazwe udongo wa mfinyanzi na kushindiliwa, siyo kufukia juu juu. Na ng'ombe wapitie kwenye birika la kunyweshea, wasipande tuta, hili tumeshaongea na wafugaji na wengi wamelielewa.

Sasa kuhusu ombi la kuinua tuta. Nimelisikia kwenye kila kikao na naelewa mnavyoumia vitunguu vikikauka. Lakini bwawa halijapungua kwa sababu tuta ni fupi, limepungua kwa sababu limejaa tope. Maji yakitandaa kwenye kina kifupi jua linayanywa, uso wa hekta 1 ukishuka milimita 5 tu kwa siku umepoteza lita 50,000. Kuinua tuta bila kupanua utoro ni kuongeza hatari, mimi sitaliunga mkono. Tutoe tope wakati wa kiangazi, na waliolima mpaka ukingoni warudi nyuma, sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 na hata bila sheria mvua mbili hizi zimetuonyesha udongo wa mashamba yale ulipoishia.

Mgao ulienda vizuri ukitoa wiki chache mwanzoni mwa kiangazi watu wa mkiani, kule mwisho wa mfereji, walipokosa zamu. Wazee wetu wa ndiva, vile vibwawa vya jadi kule mlimani, wanajaza usiku na kufungua asubuhi, kila mtu anajua zamu yake, nasi kamati imekubali kuanza zamu kutokea mkiani kwenda kwenye banio, pale maji yanapoingilia mferejini.

Msaragambo, kazi yetu ya pamoja, ni Jumamosi tatu zote kabla ya vuli haijaanza. Kila kaya itoe mtu mmoja mwenye nguvu, jembe, panga na sururu, wenye mikokoteni walete mawe na kokoto. Tunaanza na utoro, kisha chujio, miti mwisho.