Umeomba laki sita tukakupa laki nne: hatukukuibia

Jumatano iliyopita, siku ya marejesho kwenye ofisi yetu ya mikopo midogo hapa Ulyankulu, Tabora, mama mmoja muuza mchele alipokea mkopo wake dirishani, akaligeukia benchi la wateja na kuanza kuhesabu noti kwa sauti. Alipomaliza akasema, "Nimesaini laki nne, mkononi nina laki tatu na themanini na nane. Na niliomba laki sita! Hawa nao ni kausha damu, tofauti yao wana ofisi." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana maneno hayo nayasikia karibu kila mwezi, anabadilika msemaji tu.

Nianze na hizo elfu kumi na mbili. Ni ada ya mkopo, asilimia 3. Imeandikwa kwenye mkataba na tunaisoma kwa sauti kabla mtu hajaweka dole gumba. Afisa wetu akienda Barabara ya 13 wakati wa masika, pikipiki inarudi na tope mpaka kwenye taa, na muuza petroli hapokei "Mungu akubariki". Riba yetu ni asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo ndiyo kikomo walichowekewa na Benki Kuu wakopeshaji wa daraja letu, na tunaihesabu kwenye deni lililobaki, siyo kwenye deni la siku ya kwanza. Kwa mama huyu, laki nne kwa miezi minne, riba yote ni Sh 35,000. Kausha damu wa mtaani anataka elfu thelathini kwa kila laki, kila mwezi. Kwa laki nne hizohizo, mwezi wa kwanza peke yake ni Sh 120,000, na ukichelewa anaondoka na mzani wako.

Sasa hizo laki mbili alizozikosa. Tukifika kwa mfanyabiashara hatuanzi kuhesabu magunia. Magunia mtu anaweza kuazima kwa jirani asubuhi na kuyarudisha jioni, tumeshayaona hayo. Tunaomba daftari la madeni. La mama huyu jalada limelowa mafuta ya kula, ndani kaandika jina, kilo na tarehe, mwandiko mzuri tu. Kati ya wadaiwa 19, mbele ya majina 11 hakuna tarehe ya kulipa, kuna neno moja: "tumbaku". Maana yake watalipa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kikilipwa. Na sisi wa huku tunajua hela ya tumbaku inavyotembea: unauza leo, unapata ukipata.

Rejesho letu ni kila wiki. Kwa laki nne ni kama Sh 27,200, kwa laki sita lingekuwa karibu Sh 40,800. Mchele anaouza taslimu unabeba rejesho la laki nne. La laki sita haulibebi.

Hili tulijifunza kwa kuumia, tena kosa lilikuwa letu. Tulipoanza kazi tulimpa mkulima wa tumbaku mkopo wa marejesho ya kila wiki, kana kwamba shamba linauza kila Jumatano. Wiki ya tano alilipa vizuri, tukamsifu. Kumbe alikuwa ameuza mbolea aliyokopeshwa na chama. Msimu ule alivuna majani ya kumtia aibu, akawa na madeni mawili. Siku hizi mkulima analipa kwa msimu.

Kuna wanaosema tunawabana kwa sababu ni "watu wa sabini na mbili". Hilo linaniudhi kuliko lile la kausha damu. Wengi wa wateja wetu ni watoto na wajukuu wa waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972 wakaletwa kwenye pori hili, wakalikata, wakalilima. Kwa miaka mingi hawakuwa na karatasi ya kuonyesha benki. Baadaye walipoomba uraia wakaambiwa watahamishiwa mikoa mingine. Mzee mmoja aliniambia kipindi kile aliacha kuezeka nyumba na hakupanda hata mwembe, kwani atakayeula ni nani? Mwaka 2014 Rais Kikwete akaanza kukabidhi vyeti vya uraia, na waliopewa uraia ni zaidi ya 160,000. Mzee huyo mkopo wake wa kwanza kwetu ulikuwa wa mizinga 20 ya nyuki. Mzinga, alisema, hata ukiambiwa uhame unabebeka. Akaulipa wote.

Lakini kwa kuwa karatasi zilichelewa kufika, nazo zimegeuka kitu cha kuazimana kama jembe. Hii ndiyo njia ya mkato inayowagharimu watu kuliko zote: kumkopea mwingine kwa jina lako.

Mama lishe mmoja alichukua kwetu Sh 800,000. Nusu akampa binamu yake, aliyevuka kutoka Burundi mwaka 2015 akapokelewa kambi ya Nduta, kule Kibondo. Binamu hana NIDA, yaani kitambulisho cha taifa, na kisheria mkimbizi anaishi kambini na hutoka kwa kibali, kwa hiyo sisi tusingeweza kumkopesha. Nia ya mama ilikuwa njema, na binamu mwenyewe alikuwa mchapakazi, anauza dagaa, anatuma rejesho kwa simu. Miezi mitatu mambo yakaenda. Kisha familia ya binamu ikajiandikisha kurudi kwao, siku ya msafara ikafika, wakapanda gari. Simu haikupatikana tena. Simlaumu, mtu anarudi kuanza upya bila hata sufuria. Ila deni lilibaki na jina, na jina lilikuwa la mama. Akaenda kwa kausha damu kuziba pengo. Wenzake wanne wa kikundi cha kudhaminiana wakachanga kuokoa dhamana yao, na mpaka leo wawili hawasalimiani naye kisimani.

Angetuambia mapema tungempa laki nne za mgahawa wake, na binamu tungemwelekeza kwenye vikundi vya kuweka na kukopa vya hukohuko kambini. Siku hizi afisa akikuuliza ghafla sado ya maharage leo ni bei gani, usikasirike. Mwenye biashara hujibu kabla swali halijaisha. Mwenye jina la kukodi huangalia pembeni.

Maombi mapya tunapokea Jumatatu na Alhamisi. Njoo na NIDA yako, barua ya mwenyekiti wa kijiji na daftari la madeni lilivyo, usilinakili upya usiku.

Yule mama wa mchele kaleta rejesho la kwanza leo asubuhi, kabla hatujafungua. Nikamwambia akimaliza bila kuchelewa, na zile "tumbaku" zikipungua daftarini, laki sita tutaizungumza. Akapokea risiti, akaikunja, akaitia kwenye pindo la kanga. "Sawa, mwanangu," akasema. "Lakini elfu kumi na mbili yangu bado nakudai."