Lisini ya kuku itengenezwe kwetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wafugaji wenzangu wa kuku wa hapa Mwanza, pamoja na viongozi wenye dhamana ya mifugo, kwamba lisini inayotokana na bakteria walioboreshwa kijeni si kitu cha kuogopwa.

Mahindi na pumba tunazowalisha kuku zina upungufu wa lisini, asidi amino (kijenzi cha protini) ambayo mwili wa kuku hauwezi kujitengenezea. Pengo hilo tunaliziba kwa dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, ambao wale wa mifugo mara nyingi huwa na mchanga na vipande vya konokono ndani ya gunia. Wale walio safi tunawagombania na akina mama wanaotafuta kitoweo, jambo ambalo mimi binafsi silipendi hata kidogo.

Mwaka 1956 Shukuo Kinoshita na wenzake wa Japani waligundua bakteria wa udongoni, Corynebacterium glutamicum, anayetoa glutamati, asidi amino nyingine, kwa wingi, na haukupita muda mrefu akaanza kutumiwa kutengeneza lisini pia. Bakteria wa asili halimbikizi lisini, kwa sababu ikishamtosha, lisini hiyohiyo ikisaidiana na asidi amino iitwayo threonini hukizuia kimeng'enya cha aspartokinesi, ambacho ndicho huanzisha kazi yote. Wataalamu hubadilisha jeni la kimeng'enya hicho kisizuilike tena, naye bakteria, akilishwa molasi ndani ya tangi lenye hewa ya kutosha, huendelea kutengeneza lisini na kuitoa nje ya seli. Lisini hidrokloraidi inayouzwa madukani hutenganishwa na bakteria hao, ikasafishwa na kukaushwa. Kuku anapata asidi amino ileile iliyomo kwenye dagaa.

Ni kweli kwamba lisini peke yake haichukui nafasi yote ya dagaa, kwani kuku huhitaji pia methionini na madini, lakini hupunguza kiasi cha dagaa tunachochanganya.

Molasi tunayo, maana kiwanda cha sukari kipo Kagera, ng'ambo tu ya ziwa. Naiomba Wizara ya Mifugo na Uvuvi ishirikiane na Chuo Kikuu cha Sokoine kufanya majaribio ya uzalishaji huo kwa molasi yetu, na matokeo, pamoja na gharama kwa kilo, yatangazwe kwa wafugaji kwa Kiswahili.

Mfugaji wa kuku,
Ilemela, Mwanza