Kabla Hujanunua Hedi ya Lori la Zamani, Shika Gasketi Yako Mkononi

Mwezi uliopita alitufikia karakanani hapa Mbeya mzee mmoja anayebeba viazi kutoka Isongole. Isuzu yake, injini 6BG1, ilikuwa imepasuka hedi, yaani kile chuma kinachofunga silinda kwa juu. Akapata nyingine ya mtumba, imeoshwa hadi inang'aa, akapewa na gasketi yake juu, kile kiziba kinachokaa kati ya hedi na bloku. Boliti zote ziliingia bila ubishi. Safari ya tatu, hajafika Uyole, rejeta ikaanza kutoa mapovu.

Tulipoifungua tukakuta hedi na gasketi vyote ni vya 6BD1. Kwa macho injini hizi ni ndugu wa tumbo moja. Lakini silinda ya 6BD1 ina kipenyo cha milimita 102, na ya 6BG1 milimita 105. Ukingo wa tundu la gasketi ulichungulia ndani ya silinda, ukakaa kwenye moto badala ya kubanwa kati ya bloku na hedi. Ukaungua, gesi ikapata njia ya kuingia kwenye maji. Inatuuma, kwa sababu kosa lile lingeonekana mezani kwa dakika mbili, hela ikiwa bado mfukoni.

Kwa hiyo gasketi ya zamani iliyotoka kwenye injini yako usiitupe. Nenda nayo kwa muuzaji, ilaze juu ya hedi unayotaka kununua. Angalia kwanza matundu ya silinda, kisha njia za maji, matundu ya pushrodi (fimbo za kusukuma roka) na tundu la oili inayopanda kwenye roka, vyuma vinavyofungua valvu. Ukikuta tundu la maji la hedi limezibwa na gasketi, usiogope mara moja. Viwanda huziba baadhi ya njia makusudi ili maji yazunguke hadi silinda za nyuma. Tundu la oili likikosana, hedi hiyo iache hapohapo.

Halafu kuna namba. Namba zilizoinuka ubavuni mwa hedi zilitoka pamoja na chuma kwenye kalibu, na ndizo za kuanzia. Tatizo ni kwamba watu wengi wanaishia hapo. Chukua malori ya Chevrolet ya Marekani ya miaka ya 1950, ambayo bado wapo wanaoyafufua. Hedi yenye namba 3836848 ilifungwa kwenye injini ya inchi za ujazo 235 na pia kwenye ya 261. Kalibu ni moja. Ila kwenye 261 silinda zimeshikana mbili mbili, maji hayapiti katikati yake, kwa hiyo hedi lazima iwe na vitundu vidogo vya kupitishia mvuke. Ukifunga iliyotoka kwenye 235 bila kuvitoboa, mvuke unanasa pale na chuma kinaungua. Fundi anayejua kazi hutumia gasketi ya 261 kama kielelezo, akatoboa kwa kuifuata.

Kwenye dizeli swali letu la kwanza huwa: moto unawakia wapi? Injini za Mercedes OM322 na OM352 zote zina silinda za milimita 97 na mwendo wa pistoni wa milimita 128. Ukipima kwa rula utasema ni kitu kimoja. Kumbe OM322 huanza kuwasha dizeli kwenye chumba kidogo kilichomo ndani ya hedi, na OM352 hunyunyiza moja kwa moja juu ya pistoni, ambayo ina bakuli kichwani. Funga hedi ya OM322 juu ya pistoni za OM352, nafasi inakuwa kubwa mno, kompresheni inaanguka, na asubuhi ya Julai hapa Mbeya lori haliwaki hata mlisukume kijiji kizima. Injini za Toyota 2H na 12H-T ni hivyohivyo: kipenyo kimoja, mwendo mmoja, hedi haziazimani. Geuza hedi, tazama uso wake. Ukiona vyumba vimezama kando ya valvu, ujue inataka pistoni zake.

Hedi ikifika kwetu tunaipima nyufa kwa maji ya shinikizo kabla ya kuigusa kwa mashine, hasa kati ya valvu, maana huko ndiko chuma hupasukia dereva anapomwaga maji baridi kwenye injini iliyochemka Kitonga. Kuskimu, yaani kukwangua uso wa hedi hadi unyooke, tunaskimu, lakini kwa kipimo. Ukiondoa chuma kingi, ncha ya nozeli na uso wa valvu vinasogea karibu na pistoni, na hapo huwezi kurudisha kilichoondoka.

Na tafadhali, kifuniko cha rejeta kiwe kizima, maana ndicho kinachoshika shinikizo la maji. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, ambako maji yasiyo na shinikizo huchemka karibu nyuzi 94. Tumeshafungua hedi ambazo hazikuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa kifuniko kilichokufa mpira.

Kama uko mbali, Mafinga au Tunduma, picha tatu zinatosha kuanza: uso wa hedi upande wa valvu, ubavu wenye namba, na gasketi yako ikiwa imelazwa juu. Zitume kabla hujamlipa muuzaji. Kuangalia picha hatutozi chochote.