Mkarafuu mkongwe una wakaazi wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wakulima wenzangu wa Pemba. Mikarafuu iliyozeeka inaanguka mashambani, na iliyobaki tunaikata kwa kuni na mkaa bila kuuliza nani anaishi ndani yake. Bundi mdogo wa Pemba, ambaye duniani kote hapatikani ila kisiwani kwetu, huzalia katika matundu ya miti mikubwa, ya msitu wa Ngezi na hata ya mashamba yetu ya karafuu. Mti mchanga hauna tundu. Akilia usiku wapo wanaosema ni uchuro, wakamrushia mawe, kumbe maskini anatafuta wadudu tu. Na ninga wetu, yule njiwa wa kijani, naye wa hapa hapa, watoto wanampiga manati mbele ya wazee na hapana anayewakanya. Hilo linaniuma sana.

Popo wa Pemba alikaribia kumalizika miaka ya 1980. Watu wa Kidike wakamlinda, leo wapo maelfu. Basi tunapopanda miche mipya, tuache japo mikongwe michache kila shamba. Nanyi maafisa wa misitu, njooni mtwambie hayo shambani.

Mkulima,
Konde, Pemba