Tusimpime Mike Judge kwa michoro yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nieleze jambo moja kuhusu namna kurasa za burudani za magazeti yetu ya Kiswahili zinavyowaandika watunzi wa katuni za vichekesho. Mara nyingi mtunzi wa katuni hutajwa kama mchoraji, akasifiwa au akalaumiwa kwa rangi na mistari yake, ikatajwa fedha aliyoingiza, na habari ikaishia hapo. Sauti zinazowapa wahusika uhai hazizungumzwi, na wenye sauti hizo huachwa kana kwamba hawakuwapo. Kwa watunzi wengi kasoro hiyo inavumilika. Kwa Mmarekani Mike Judge, ambaye kazi zake zimerudi kuzungumzwa tangu katuni yake ya familia ya Hank Hill, King of the Hill, iliporejeshwa kwa watazamaji wa Hulu, huduma ya televisheni ya mtandaoni ya Marekani, mwezi Agosti 2025, kasoro hiyo inaipoteza habari yenyewe, kwa sababu bwana huyu ni mwigizaji wa sauti kwanza, na kuchora alijifunza ili apate pa kuziweka sauti zilizokuwa zimemjaa kichwani.

Judge alizaliwa Guayaquil, nchini Ecuador, mwaka 1962, akakulia Albuquerque katika jimbo la New Mexico, na akasomea fizikia katika Chuo Kikuu cha California kilichopo San Diego. Hakupitia chuo cha sanaa. Baada ya masomo alifanya kazi za uhandisi, ikiwamo kazi iliyohusu mifumo ya ndege za kivita za F-18, kisha akaajiriwa na kampuni changa ya kadi za video za kompyuta huko California, ambako hakumaliza hata miezi mitatu. Akaacha, akaingia kwenye muziki na kupiga gitaa la besi katika bendi za bluzi. Msomaji wa haraka anaweza kuiona miaka hiyo kuwa ya kutangatanga, na ndivyo inavyoandikwa mara kwa mara: mhandisi aliyechoka akaangukia bahati. Mimi naamini miaka hiyo ndiyo iliyompa mtaji, maana katika ofisi zile alisikia namna watu wanavyosema wanapodhani hakuna anayewasikiliza.

Mfano wake ni Milton. Judge amesimulia katika mahojiano kwamba siku moja kazini alimwuliza hali mfanyakazi mwenzake, salamu ya kawaida tu, na yule bwana badala ya kuitikia akaanza kulalamika kwamba wakiihamisha meza yake tena, ataacha kazi. Mwingine angelisahau jambo hilo kabla ya chakula cha mchana. Yeye alibaki na ile sauti. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alipoona michoro halisi ya katuni ikiwa imewekwa kwenye maonyesho katika jumba la sinema, alinunua kamera ya Bolex ya filamu ya milimita 16, akaanza kutengeneza katuni fupi nyumbani kwake, akichora mwenyewe na kurekodi sauti mwenyewe. Milton alizaliwa humo, mwaka 1991: karani mwenye miwani minene, anayenung'unika chini chini kuhusu meza yake huku bosi akimsemesha kwa upole wa mtu asiyemjali. Ukiitazama katuni hiyo bila sauti, utaona mistari inayotetemeka na kichwa kisicho na umbo la kueleweka, na hakuna kitakachokuchekesha. Ukifumba macho ukaiacha sauti iendelee, kichekesho chote kipo, tangu yale maneno yanayomezwa nusu hadi kile kitisho ambacho msemaji mwenyewe anajua hatakitekeleza. Kituo cha Comedy Central kilizinunua katuni hizo, na hapo ndipo safari yake ya kitaaluma ilipoanza.

Mwaka 1992 alitengeneza katuni fupi ya vijana wawili wapumbavu wanaocheza besiboli kwa kumtumia chura, na mwezi Machi 1993 kituo cha televisheni cha muziki, MTV, kikaanza kurusha kipindi kamili cha vijana hao, Beavis na Butt-Head. Sauti za wote wawili zilikuwa zake. Beavis anacheka kwa kasi, kupitia pua, kama mtu anayejaribu kuzuia kicheko na kushindwa. Butt-Head anacheka polepole, kwa sauti nzito iliyokwama kwenye meno yenye vyuma. Judge ameeleza kwamba vicheko hivyo vilitokana na vijana aliosoma nao sekondari. Sehemu kubwa ya kila kipindi iliwaonyesha wawili hao wakiwa wamekaa kwenye kochi, wakitazama video za muziki na kuzisema, na maneno ya sehemu hizo aliyabuni papo hapo mbele ya kipaza sauti, akijijibu mwenyewe kwa sauti mbili tofauti. Wasomaji wenye umri wangu waliowahi kuwasikiliza Pwagu na Pwaguzi kupitia Redio Tanzania hawatahitaji maelezo marefu juu ya nguvu ya wajinga wawili wanaojulikana kwa sauti zao tu.

Wapo waliokichukia kipindi hicho, na sitaki kuwapuuza. Mwezi Oktoba 1993, huko Ohio, mtoto wa miaka mitano aliwasha moto uliomwua mdogo wake, na mama yao akasema mwanawe aliiga katuni hiyo. MTV iliondoa maneno yote yanayohusu moto na kukihamisha kipindi kutoka saa moja usiku hadi saa nne na nusu. Katika mjadala uliofuata Marekani, Seneta Ernest Hollings alikishambulia huku akiwaita wahusika wake Buffcoat na Beaver, jambo lililoonyesha kwamba hakuwa amekitazama. Kwa maoni yangu kukihamisha lilikuwa jambo la haki, kwani kipindi kile hakikuwa cha watoto na hakikustahili kurushwa saa ambayo watoto bado wako macho. Lakini hata mabishano yale yaliegemea ninachokisema hapa: kile ambacho vijana wa Marekani walikiiga kwa wingi, na kilichowakera walimu na wazazi wao, kilikuwa kile kicheko. Hakuna aliyeogopa kwamba watoto watachora vibaya kama Judge.

Kazi yake kubwa kuliko zote, kwangu mimi, ni ile ya familia ya Hill, iliyoanza kwenye kituo cha Fox tarehe 12 Januari 1997 na kudumu kwa misimu 13, vipindi zaidi ya 250, hadi mwaka 2010. Aliitunga pamoja na Greg Daniels, na haifai kumnyima Daniels sehemu yake, kwani ndiye aliyewajenga upya wahusika kadhaa na kuwapeleka waandishi Texas wakasikilize watu wa huko wanavyozungumza. Hank Hill, mwuza gesi ya propani katika mji wa kubuni wa Arlen, ana sauti ya Judge mwenyewe: sauti kavu, isiyopanda wala kushuka sana, ya mwanamume anayependa majani ya ua wake yakiwa yamekatwa sawasawa na anayeona haya kumwambia mwanawe kwamba anampenda. Katuni nyingi za zama zile zilitafuta kicheko kwa kelele. Hapa mtazamaji hucheka Hank anapokaa kimya, au anapokohoa kidogo kabla ya kulikwepa neno, na mchoraji hawezi kuyafanya hayo pasipo mwigizaji anayejua mahali pa kusita.

Jirani yake Boomhauer ana historia nzuri zaidi. Wakati Beavis na Butt-Head ilipokuwa ikivuma, mtu mmoja alipiga simu na kuacha ujumbe kwenye mashine ya Judge akikilaani kipindi hicho, ambacho jina lake hata hakulipatia. Alizungumza kwa lafudhi nzito ya kusini, maneno yakikimbizana bila kituo, kiasi kwamba mlalamikaji alikuwa wazi kwa hasira yake na hakueleweka kwa hoja zake. Judge aliusikiliza ujumbe ule mara nyingi hadi akaushika mwendo wake, na ndipo akapatikana Boomhauer, mwanamume ambaye hakuna mtazamaji anayemwelewa vizuri na ambaye marafiki zake wote wanamwelewa bila shida. Natamani kurasa za burudani zieleze mambo ya namna hii. Mtu aliyepiga simu kumkaripia ndiye aliyempa mhusika wa misimu 13, na hakuna kalamu ya kuchorea iliyohusika katika hatua hiyo.

Wala si sauti yake peke yake. Bobby, mtoto wa kiume wa Hank, huigizwa na mwanamke mtu mzima, Pamela Adlon, aliyeshinda tuzo ya Emmy mwaka 2002 kwa kazi hiyo. Stephen Root, ambaye ndiye Bill mpweke wa mtaani kwao, ndiye pia aliyemwigiza Milton wakati Judge alipozigeuza zile katuni za ofisini kuwa filamu ya watu halisi, Office Space, mwaka 1999. Filamu hiyo haikuvuma kwenye majumba ya sinema. Ilipata wapenzi wake baadaye kupitia video na televisheni, mpaka kampuni ya Swingline ikaanza kuuza stepla nyekundu iliyofanana na ile ya Milton, ambayo kwenye filamu ilikuwa imepakwa rangi tu. Filamu yake ya 2006, Idiocracy, kuhusu Marekani ya baadaye iliyotawaliwa na wapumbavu, ilipewa kumbi chache na karibu isitangazwe kabisa, nayo leo hutajwa kila uchaguzi wao unapokaribia. Sitarefusha juu ya filamu hizo, kwa kuwa humo waigizaji wanaonekana kwa sura zao na hawakosi kusifiwa.

Nikiri pia kwamba si kila alichogusa kilifanikiwa. Mwaka 2009 alitoa kwenye kituo cha televisheni cha ABC katuni ya familia ya Goode, iliyowacheka watu wanaohangaika kuishi bila kuyadhuru mazingira, na ilifutwa baada ya msimu mmoja. Alimwigiza baba wa familia hiyo mwenyewe, na nikiilinganisha na sauti ya Hank nasikia tofauti: Hank ni mtu ambaye Judge aliishi jirani na watu wa aina yake akiwa Texas, wakati Gerald Goode anasikika kama mtu aliyesikiwa kwa mbali, akapewa maoni kabla hajapewa pumzi. Alipogeukia wahandisi wa kompyuta mwaka 2014, katika tamthilia ya kituo cha HBO, Silicon Valley, iliyodumu hadi 2019, masikio yake yalikuwa yamerudi nyumbani, kwa kuwa aliwahi kukaa nao ofisi moja.

Beavis na Butt-Head walirejea mwaka 2022, na katika baadhi ya vipindi vipya wanaonyeshwa wakiwa watu wa makamo, bado kwenye kochi lile lile. Judge aliyekaribia miaka 60 aliwapa sauti zile zile za ujana, zikiwa zimezeeka: kicheko cha Beavis kimepata mkwaruzo, na cha Butt-Head kinachelewa kuanza. Hank naye amerudi akiwa mstaafu, na Bobby amekuwa mpishi mtu mzima huko Dallas. Johnny Hardwick, aliyekuwa sauti ya jirani yao Dale, alifariki mwaka 2023 akiwa amekwisha kurekodi sehemu ya vipindi vipya, na vilivyobaki akavichukua Toby Huss, mwigizaji mwenzake wa tangu msimu wa kwanza. Brittany Murphy, aliyekuwa sauti ya Luanne, jamaa kijana wa akina Hill, alifariki mwaka 2009, na mhusika wake hayupo tena. Hayo ni mambo ambayo mtazamaji angependa kuyajua kabla ya kufungua kipindi cha kwanza, na kwa kuangalia michoro peke yake hawezi kuyatambua.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo na halina gharama. Waandishi wako wanapotangaza au kuchambua katuni yoyote, waweke majina ya waigizaji wa sauti kando ya jina la mtunzi, kama wanavyofanya kwa filamu za kawaida. Ningeomba wafanye hivyo pia kwa tamthilia za kigeni zinazotiwa sauti za Kiswahili. Ile ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ilirushwa na TBC tangu mwaka 2011, tukaizoea na kuishabikia, na mpaka leo nikiwauliza walioitazama ni akina nani waliozungumza humo, hakuna anayenitajia hata jina moja. Uchambuzi wenu wa kwanza wa namna hiyo ukiwa juu ya familia ya Hill, tafadhali muanze na Dale, ili msomaji ajue mapema kwamba mwenye sauti hiyo hubadilika katikati ya msimu.

Wako katika usomaji,
Msomaji wa siku nyingi,
Morogoro